Jinsi ya kufuata bendi zinazojitegemea: kutoka bango la ukutani hadi meza ya fulana

Bendi inayojitegemea, kwa maana inayotumika sana, ni ile ambayo rekodi zake haziko mikononi mwa kampuni tatu kubwa za muziki duniani, yaani Universal, Sony na Warner. Kwa shabiki, tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Mwimbaji uliyemshangilia saa nne usiku ndiye anayebeba spika kupeleka garini saa sita, na kesho yake ndiye anayejibu barua pepe za bendi. Wakipata watu 60 badala ya 40, watarudi katika mji huo. Wakipata 20, pengine ndiyo kwaheri. Kwa bendi kubwa wewe ni tone baharini, lakini hapa kichwa chako kimoja kinahesabiwa, tena mara nyingine kwa kalamu na karatasi mlangoni. Basi mwongozo huu unahusu namna ya kuhesabika mahali panapofaa.

Hatua ya 1: Chagua ukumbi kabla ya kuchagua bendi

Wengi huanza kwa kutafuta bendi, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu bendi ni maelfu. Anza na ukumbi. Tafuta ukumbi mdogo unaoingiza watu mia moja au mia mbili, wenye ratiba ya bendi zinazopiga nyimbo zao wenyewe, kisha ufuate ratiba hiyo kwa miezi mitatu. Nyuma ya kila ukumbi wa aina hii kuna mtu mmoja au wawili wanaochagua nani apande jukwaani, na watu hao wana masikio. Ukishajua kwamba masikio yao yanaendana na yako, umeokoa kazi kubwa: unaweza kuingia usiku ambao hujui jina hata moja kwenye bango, na mara nyingi hutajuta.

Mfano mashuhuri ni CBGB ya New York. Hilly Kristal aliifungua mwaka 1973 akiwa na nia ya muziki wa country, bluegrass na blues, na herufi hizo nne zinasimama kwa majina hayo. Muziki huo haukuvuta watu. Waliokuja walikuwa Television, Ramones, Patti Smith, Blondie na Talking Heads, ambao wakati huo hawakuwa na pa kupigia. Sharti la Kristal kwao lilikuwa wapige nyimbo walizotunga wenyewe. Aliyekuwa akienda pale kila wiki mwaka 1975 hakuhitaji kuambiwa na gazeti nini kinakuja. Ukumbi ulifungwa mwaka 2006.

Unaposoma bango, usisome herufi kubwa tu. Majina madogo ya chini ndiyo yatakayokuwa makubwa baada ya miaka miwili, au yatakuwa yamevunjika na hutayaona tena. Kwa vyovyote vile, wakati wa kuyaona ni sasa.

Hatua ya 2: Fuata uzi

Bendi moja uliyoipenda ni ncha ya uzi. Vuta. Angalia nani alifungua shoo yao, kwa sababu kwa bendi ndogo mtangulizi huwa rafiki aliyealikwa, na marafiki hupenda mambo yanayofanana. Angalia albamu ilirekodiwa studio gani na fundi gani. Angalia mpiga ngoma anapiga na nani wengine, maana wapiga ngoma wazuri ni adimu na kila mmoja huwa na bendi tatu.

Kisha tazama lebo, yaani kampuni inayotoa rekodi za bendi. Lebo ndogo ni kama ukumbi: ina masikio yake. Dischord ilianzishwa Washington mwaka 1980 na vijana waliotaka kutoa santuri ya bendi yao iliyokuwa imeshavunjika, ikaendelea kwa miongo mingi kutoa hasa bendi za mji huo. Factory ya Manchester na Sub Pop ya Seattle nazo zilijengwa juu ya muziki wa mtaani kwao. Shabiki wa lebo kama hizo alinunua rekodi ya bendi asiyoijua kwa kuiamini nembo iliyo nyuma ya jalada. Bado inawezekana. Ukipenda rekodi mbili za lebo moja, sikiliza ya tatu hata kama jalada ni baya.

Redio nayo haijafa. John Peel alikuwa mtangazaji wa BBC Radio 1 ya Uingereza tangu ilipoanza mwaka 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, na kazi yake kubwa ilikuwa kuita bendi zisizojulikana studio zirekodi nyimbo chache kwa siku moja. KEXP ya Seattle inaendeleza kazi ya namna hiyo, na video zake za bendi zikipiga moja kwa moja studio ni mahali pazuri pa kuipima bendi kabla ya kununua tiketi. Bendi inayosikika vizuri pale, bila ujanja wa kuhariri, kwa kawaida inasikika vizuri ukumbini.

Usitegemee sana mapendekezo ya programu za kusikilizia muziki. Programu inakupa kinachofanana na ulichokwisha kusikia. Rafiki mwenye ladha mbaya kidogo atakufikisha mbali zaidi.

Hatua ya 3: Pata habari mapema

Mitandao ya kijamii inaamua yenyewe nani aone tangazo la bendi, na mara nyingi unaliona asubuhi baada ya shoo. Kwa hiyo jiandikishe kwenye orodha ya barua pepe ya bendi na ya ukumbi. Barua inafika bila kuulizwa. Programu za Bandsintown na Songkick zinakuarifu bendi unayoifuata inapotangaza ziara karibu nawe. Weka tarehe kwenye kalenda ya simu siku hiyohiyo uliyoiona. Basi, hatua hii imekwisha.

Hatua ya 4: Nunua tiketi mapema, ufike mapema

Promota wa shoo ndogo, yaani mwandaaji wake, hutazama mauzo ya awali kwa wasiwasi. Tiketi zikiuzwa tano tu wiki moja kabla, anaanza kufikiria kuahirisha, au kukata gharama kwa fundi mitambo anayesimamia sauti, na hapo shoo yenyewe inaharibika. Watu 50 wanaosema “tutanunua mlangoni” wanaweza kuifanya shoo waliyoitaka isiwepo. Ukijua utakwenda, nunua leo. Nunua kutoka kwa ukumbi au kiungo kilichowekwa na bendi yenyewe. Walanguzi wanaouza tena kwa bei ya juu hawampi mwanamuziki chochote katika hiyo nyongeza.

Inafaa pia kujua bendi inalipwaje. Kuna malipo maalumu yaliyokubaliwa kabla, waje watu au wasije. Kuna mgawanyo wa mlangoni: kiingilio kinakusanywa, gharama za fundi, matangazo na ulinzi zinatolewa, kinachobaki kinagawanywa. Katika kumbi nyingine mtu wa mlangoni atakuuliza, “Umekuja kuona bendi gani?” Hakuulizi ili kupiga soga. Anaweka alama kwenye karatasi, na alama hizo ndizo zinazoamua nani apate nini mwisho wa usiku. Jibu kwa jina la bendi uliyoijia kweli. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa najibu “zote” nikidhani ni adabu, hadi mpiga besi mmoja aliponieleza kwamba “zote” pale kwao inaandikwa kama hakuna.

Kuhusu muda: saa iliyoandikwa kwenye tiketi kwa kawaida ni ya kufunguliwa milango. Uliza ukumbini au tazama ukurasa wao mchana wa siku yenyewe, maana ratiba ya nani anapanda saa ngapi hutoka kwa kuchelewa. Halafu fika kabla ya bendi ya kwanza. Bendi ya kufungua inapiga nusu saa, mara nyingi kwa fedha kidogo sana, kwa matumaini kwamba watu kumi watakaowasikia leo watakuja kwenye shoo yao wenyewe. Wakipigia kuta, safari yao imekwenda bure. Na wewe umekosa kitu ambacho umeshakilipia.

Hatua ya 5: Linda masikio, na ujue pa kusimama

Hapa sitapita haraka, kwa sababu nilipuuza jambo hili kwa miaka na sasa usiku wa kimya kwangu una mlio mwembamba ndani yake.

Kipimo cha usalama kinachotumiwa sana kazini kinaruhusu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu na muda salama unakatwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja, 97 kwa nusu saa, 100 kwa dakika 15. Shoo ya bendi yenye gita za umeme kwenye chumba kidogo hufika 100 na kupita bila shida. Maana yake bendi ya kwanza haijamaliza nyimbo zake na wewe umeshatumia fungu lako la siku nzima. Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango chake kwa kumbi mwaka 2022: wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15 zozote, watu wapewe viziba masikio, na pawepo mahali pa utulivu pa kupumzisha masikio. Ukumbi wako unaweza kuwa haujafika huko, kwa hiyo beba vyako.

Viziba masikio viko vya aina mbili. Vya sponji ni rahisi na vinazuia kelele vizuri, lakini vinakata zaidi sauti nyembamba, kwa hiyo muziki unasikika kama umefunikwa blanketi. Vyenye kichujio vimetengenezwa kwa ajili ya muziki: vinashusha sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, na maneno ya mwimbaji yanabaki wazi. Kama unakwenda shoo zaidi ya mbili kwa mwaka, nunua vya kichujio, ufunge kasha lake kwenye funguo ili usivisahau. Ukitumia vya sponji, vikunje kati ya vidole hadi viwe vyembamba kama kijiti, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, ingiza, kisha shikilia hadi vitanuke. Wengi wanavipachika mlangoni mwa sikio tu, halafu wanalalamika kwamba havifanyi kazi.

Masikio yakivuma baada ya shoo, hilo ni onyo. Yape siku ya ukimya. Mvumo ukiendelea siku kadhaa, au ukiona upande mmoja hausikii vizuri, mwone daktari bila kuchelewa.

Sasa pa kusimama. Katika chumba kidogo sauti haitoki mahali pamoja. Gita na ngoma zinakufikia moja kwa moja kutoka jukwaani, lakini mwimbaji anapitia spika kubwa za pembeni. Ukisimama mbele kabisa katikati, unaona vidole vya mpiga gita na humsikii mwimbaji, kwa sababu spika zinakupita. Ukisimama kwenye kona ya nyuma, besi inarundikana hapo na kila wimbo unakuwa ngurumo moja. Mahali pazuri ni karibu na fundi mitambo, au hatua chache mbele yake katikati ya chumba. Yeye anarekebisha sauti kwa masikio yake mwenyewe, pale alipo. Mimi husimama mbele kwa nyimbo tatu za mwanzo, nione nyuso, kisha narudi kwake.

Hatua ya 6: Kaa vizuri na wenzako

Ukitaka kuongea, nenda nyuma. Katika chumba cha watu 50, mazungumzo ya wawili yanasikika hadi jukwaani, hasa wimbo ukiwa wa polepole. Picha mbili tatu zinatosha, bila taa. Wanaorukaruka na kusukumana mbele wana haki yao, ila kuna sheria moja isiyoandikwa ambayo kila mzoefu anaijua: mtu akianguka, wote mnasimama mnamwinua. Na asiyetaka kusukumwa asisukumwe. Fugazi ya Washington, iliyoshikilia viingilio vya karibu dola 5 kwa miaka mingi na kupiga mbele ya watu wa umri wote, ilikuwa inasimamisha wimbo katikati ikiona mtu anaumiza wengine. Mtukutu alirudishiwa kiingilio chake akaonyeshwa mlango.

Kurekodi ni suala jingine. Bendi nyingine zinapenda. Grateful Dead walitenga mwaka 1984 eneo maalumu la mashabiki waliokuja na vinasa sauti, na tangu 2002 Internet Archive ina hifadhi ya maonyesho ya bendi zilizotoa ruhusa. Nyingine hazitaki kabisa, hasa zinapojaribu nyimbo ambazo hazijatoka. Uliza kwenye meza ya bidhaa, pale bendi inapouza fulana na rekodi, kabla ya shoo. Ni swali la sekunde tano.

Hatua ya 7: Peleka pesa inapofika

Huduma nyingi za kustrimu, yaani kusikiliza muziki moja kwa moja mtandaoni, hukusanya ada za wasikilizaji wote kwenye chungu kimoja, kisha hugawa kulingana na fungu la kila mmoja katika usikilizaji wote. Hata kama mwezi mzima ulisikiliza bendi moja ndogo tu, sehemu kubwa ya ada yako imekwenda kwa wanaosikilizwa zaidi na watu wengine. Tena tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haukufikisha strimu 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Endelea kustrimu, hakuna ubaya, ni njia nzuri ya kuonja. Lakini usijidanganye kwamba umeshaichangia bendi.

Nunua rekodi. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki iliyoanza mwaka 2008, hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili na asilimia 10 ya vitu vya kushikika, na kinachobaki baada ya ada za malipo ni cha bendi au lebo yake. Tangu Machi 2020 ina Ijumaa maalumu ambazo inaachia fungu lake lote. Kama huna haraka, ngoja Ijumaa hiyo. Tena usiogope kulipa zaidi ya bei iliyowekwa pale wanaporuhusu. Bendi inaliona jina lako, na nimeambiwa na zaidi ya mmoja kwamba jina geni asubuhi moja linaweza kuokoa wiki.

Lakini mahali penye nguvu zaidi ni meza ya bidhaa ukumbini. Fulana moja inaweza kuipa bendi faida kuliko usikilizaji wako wa miaka. Nenda mapema, kabla saizi yako haijaisha na kabla foleni haijajaa, uliza wanapokeaje malipo. Kumbi nyingine hukata fungu katika mauzo ya meza hiyo. Ukiona bei ziko juu, huenda sababu ni hiyo, kwa hiyo uliza kwa upole kama ni afadhali ununue kwenye tovuti yao. Watakujibu kweli.

Wakitangaza santuri kwa kuagiza mapema, elewa unachokifanya: bendi inalipa kiwanda kabla, na uchapaji huchukua miezi. Oda yako ndiyo inayolipia kiwanda. Ikichelewa, usiwaandikie kila wiki.

Hatua ya 8: Zungumza nao kama watu

Baada ya shoo wanamuziki hawa hawafichwi. Wako pale wanakunja waya. Waache wamalize, kwa sababu bendi inayofuata inasubiri jukwaa, kisha wasogelee. Taja wimbo mmoja na sema ulikugusa wapi, kwa sentensi mbili. Hilo wanalikumbuka kuliko “mlikuwa wazuri sana”. Usimshauri mpiga gita anunue amplifaya gani. Usiombe kuwekwa kwenye orodha ya wageni wasiolipa, maana kwa bendi ndogo kila jina kwenye orodha hiyo ni kiingilio kilichopotea. Na ukitaka kusaidia kubeba, uliza kwanza: kila bendi ina mtu mmoja ambaye hataki ngoma zake ziguswe.

Hatua ya 9: Rudi tena, na andika

Iangalie bendi uipendayo mara tatu kabla ya kutoa hukumu. Mara ya kwanza unasikia kelele na sura. Mara ya pili unazijua nyimbo. Mara ya tatu ndipo unaona wanavyobadilisha mwisho wa wimbo wakiwa na furaha, au mpiga ngoma anavyomtazama mpiga besi kabla ya kuongeza kasi. Safari moja kati ya hizo mlete mtu asiyewajua, umlipie kiingilio ikibidi. Mtu aliyeletwa mlangoni ana thamani kuliko tangazo ulilolisambaza kwa mia moja.

Weka daftari. Tarehe, ukumbi, bendi zote za usiku ule kwa mpangilio, wimbo uliokuganda. Nyimbo zilizopigwa unaweza kuziingiza setlist.fm, ambako mashabiki hukusanya orodha za maonyesho. Bango ulilopewa ruhusa ya kulibandua ukutani, andika mwaka nyuma yake kwa kalamu ya risasi, kwa sababu mabango karibu yote yana siku na mwezi lakini hayana mwaka. Fugazi waliacha kupiga pamoja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dischord ilipoanza kuweka mamia ya maonyesho yao mtandaoni mwaka 2011, iliwaomba watu walioyahudhuria walete picha, mabango na kumbukumbu. Vipande vilitoka kwenye droo za mashabiki, na kipande chenye tarehe kamili nyuma yake ni rahisi kukiweka mahali pake bila ubishi.